Somo la Sita: Dawa za Usingizi na za Kutuliza – Zilikotoka, Zinavyotumika na Tahadhari Zake

Utangulizi

Ndugu mtumiaji, tuanze somo hili kwa mfano. Mama wa makamo amefiwa na mumewe. Matanga yameanuliwa, wageni wamerejea makwao, naye kila usiku hukesha macho makavu hadi alfajiri. Anakwenda kituo cha afya. Daktari anamsikiliza kwa makini, anampa vidonge 10 vya kutuliza na kumwelekeza ameze kimoja wakati wa kulala. Usiku wa kwanza analala fofofo, na kwake yeye dawa ile ni rehema. Vidonge vinapokwisha, anamtuma mwanawe dukani na pakiti tupu. Muuzaji anaitazama pakiti, kisha anampa nyingine. Miezi minne baadaye kidonge kimoja hakitoshi tena. Usiku anaoikosa dawa, mikono humtetemeka, moyo humwenda mbio, na usingizi humkimbia kuliko ulivyomkimbia wakati wa msiba wenyewe.

Katika mfano huu hakuna aliyekusudia ubaya. Daktari alitaka kumpunguzia mgonjwa dhiki, muuzaji alitaka kumsaidia mteja, na mama alitaka kulala. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wao aliyeuliza swali dogo ambalo lingezuia yote yaliyofuata: dawa hii ni ya mpaka lini?

Swali hilo ndilo msingi wa somo hili. Tutaona kwamba kwa zaidi ya miaka 150 dawa za usingizi zimekuwa zikisifiwa kwa kazi zilizofanya usiku wa kwanza, kisha zikaja kuhukumiwa kwa yale yaliyoonekana baada ya miezi na miaka. Baada ya kulisoma somo hili, utaweza:

1. kutofautisha dawa za usingizi na dawa nyingine zinazofanana nazo kwa jina;
2. kueleza kwa nini dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari na kwa muda mfupi;
3. kutambua michanganyiko na mazingira yanayozifanya ziwe hatari;
4. kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kununua;
5. kujua la kufanya iwapo wewe au ndugu yako amekwisha kuzizoea.

1. Maana ya maneno

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno "dawa ya usingizi" hubeba maana zaidi ya moja. Wapo wanaoyatumia kwa dawa anayopewa mgonjwa chumba cha upasuaji, ambayo wengi huiita nusu kaputi. Hiyo hutolewa na mtaalamu aliyefunzwa, ambaye huangalia pumzi na mapigo ya moyo ya mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho, wala si dawa ya kununuliwa na mtu kwa matumizi ya nyumbani. Vilevile, "dawa ya kutuliza" mara nyingi ni ufupisho wa dawa ya kutuliza maumivu, kama parasetamoli, ambayo haina kazi ya kumlaza mtu.

Dawa tunazozizungumzia hapa ni zile zinazopunguza kasi ya kazi ya ubongo ili kuondoa wahaka au kuleta usingizi. Jambo la kuzingatia ni kwamba kutuliza na kulaza si kazi mbili zilizo mbalimbali. Ni vidato vya ngazi moja. Dozi ndogo hutuliza, dozi kubwa zaidi hulaza, na kwa baadhi ya dawa hizi dozi iliyozidi huzimisha fahamu na hatimaye pumzi. Kinachotofautisha dawa moja na nyingine ni umbali uliopo kati ya kidato kimoja na kingine.

2. Historia kwa ufupi

*Kabla ya vidonge*

Binadamu alianza kutafuta usingizi katika mimea na vileo. Maandishi ya tiba ya Misri ya kale yanayojulikana kama Papyrus Ebers, ya takriban mwaka 1550 kabla ya Kristo, yana dawa ya kumnyamazisha mtoto anayelia, ambayo wataalamu wengi huifasiri kuwa imetokana na mpopi, mmea unaotoa afyuni. Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner alifaulu kutenga kiini chenye nguvu cha afyuni, akakipa jina linalotokana na Morpheus, mungu wa ndoto katika visasili vya kale. Hiyo ndiyo mofini, ambayo leo hutumiwa hospitalini kwa maumivu makali.

Kiini hicho hakikubaki mikononi mwa matabibu. Kuanzia mwaka 1849, nchini Marekani iliuzwa dawa ya maji iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, kwa ajili ya watoto wachanga wenye kulia na wanaoota meno. Watoto walinyamaza kweli, kwani ndani ya chupa mlikuwa na mofini. Wako walionyamaza wasiamke tena. Kwa miaka mingi mzazi hakuwa na njia ya kujua alichokuwa akimnywesha mwanawe, maana chupa haikusema. Sheria ya Marekani ya mwaka 1906 kuhusu chakula na dawa ilianza kuwalazimisha watengenezaji kutaja kwenye kibandiko uwepo wa vitu kama mofini, afyuni na pombe. Kwa hiyo kila unaposoma maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa, kumbuka kwamba haki hiyo ya kusoma ilipatikana kwa gharama.

*Bromaidi na klorali*

Mwaka 1857, daktari wa London Charles Locock alieleza kwamba bromaidi ya potasiamu ilisaidia baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Muda si mrefu bromaidi ikawa dawa ya kutuliza iliyotumiwa na watu wengi. Tatizo lake ni kwamba mwili huchukua takriban siku 12 kuiondoa nusu tu ya kiasi kilichoingia. Anayeimeza kila siku huirundika mwilini pasipo kujua. Watumiaji wakaanza kupepesuka, kusahau, kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo. Baadhi yao walilazwa katika hospitali za wagonjwa wa akili, kumbe ugonjwa wao ulitoka kwenye chupa ya dawa.

Mwaka 1869, Oscar Liebreich wa Berlin alitangaza kwamba klorali, kemikali iliyotengenezwa mwaka 1832 na Justus von Liebig, huleta usingizi. Hiyo ilikuwa dawa ya kwanza ya usingizi iliyotengenezwa maabara badala ya kutolewa kwenye mmea. Ilipokewa kwa furaha kubwa, na baada ya miaka michache ikajulikana kwamba nayo huleta uraibu.

*Babituriti*

Mwaka 1903, wanasayansi wa Kijerumani Emil Fischer na Joseph von Mering waliwasilisha dawa mpya iliyouzwa kwa jina la Veronal. Mwaka 1912 ilifuata fenobabitali, kwa jina la Luminal. Kundi hili, liitwalo babituriti, lilitawala usingizi wa Ulaya na Marekani kwa nusu karne.

Hatari ya babituriti ilikuwa katika ile ngazi tuliyoitaja. Umbali kati ya dozi ya kulaza na dozi ya kuua ni mfupi. Tena, mtumiaji anapoizoea dawa, dozi inayohitajika ili alale hupanda mwezi hadi mwezi, lakini dozi ya kuua haipandi kwa kiasi hicho. Siku moja mbili hizo hukaribiana mno. Mwaka 1969, mwimbaji na mwigizaji wa Marekani Judy Garland alifariki mjini London akiwa na umri wa miaka 47. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alizidisha babituriti kwa bahati mbaya. Hakuwa mgeni wa dawa hizo, na wala uzoefu wake haukumlinda.

*Thalidomaidi*

Kutokana na vifo vya babituriti, watu walitamani dawa ya usingizi isiyoua. Mnamo tarehe 1 Oktoba 1957, kampuni ya Chemie Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomaidi kwa jina la Contergan. Iliuzwa bila cheti cha daktari, ikitangazwa kuwa salama mno, kwani hata aliyemeza nyingi hakufa. Kwa sifa hiyo ikapendekezwa hata kwa wajawazito wenye kichefuchefu na wasiolala vizuri.

Kipimo cha usalama kilichotumika kilikuwa kimoja tu: je, inamuua anayeimeza? Hakuna aliyekuwa amemfikiria ipasavyo yule aliyekuwa tumboni. Hatimaye madaktari Widukind Lenz wa Ujerumani na William McBride wa Australia, kila mmoja kwa upande wake, walihusisha dawa hiyo na watoto waliokuwa wakizaliwa na mikono au miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Dawa iliondolewa katika soko la Ujerumani Magharibi mwishoni mwa Novemba 1961. Kufikia wakati huo, zaidi ya watoto 10,000 duniani walikuwa wamedhurika. Kwa mama aliyekuwa katika wiki za hatari za mwanzo wa mimba, kidonge kimoja kiliweza kutosha.

Nchini Marekani madhara yalikuwa machache kwa sababu ya ofisa mmoja wa serikali. Dakta Frances Oldham Kelsey alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa katika mamlaka ya dawa ya nchi hiyo mwaka 1960 alipokabidhiwa ombi la kuidhinisha thalidomaidi. Kampuni iliyoomba ilimhimiza mara kwa mara. Yeye akaendelea kudai ushahidi ambao haukuwapo, hadi habari za Ujerumani zikafika. Mwaka 1962 alitunukiwa nishani na Rais Kennedy, na mwaka huohuo sheria ya nchi hiyo ikabadilishwa ili kila mtengenezaji athibitishe kwamba dawa yake inafanya kazi na ni salama kabla haijauzwa. Mwaka 1968, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa nchi mbalimbali kupashana habari za madhara ya dawa. Mamlaka za dawa za nchi zetu zinapochelewesha kusajili dawa mpya, au zinapomtaka mtumiaji atoe taarifa ya dhara alilolipata, zinafuata funzo lililotokana na kidonge cha usingizi.

*Kuanzia Valium hadi leo*

Mwaka 1960 kampuni ya Hoffmann-La Roche ilileta sokoni Librium, na mwaka 1963 ikaleta Valium, yaani diazepamu. Zote mbili zilitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach. Hizi ni za kundi la benzodiazepini. Zilikuwa hatua kubwa mbele, maana mtu aliyemeza nyingi peke yake, bila kileo wala dawa nyingine, hakuwa katika hatari ya kifo kama ile ya babituriti. Diazepamu ikawa dawa iliyoandikwa na madaktari wa Marekani kuliko nyingine yoyote kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi mwanzo wa miaka ya 1980.

Nazo zilipimwa kwa usiku wa kwanza. Baada ya takriban miaka 20 ikawa dhahiri kwamba watu wasio na historia yoyote ya ulevi, waliomeza dozi ileile aliyowaandikia daktari, walishindwa kuziacha. Mwaka 1984 benzodiazepini ziliingizwa katika orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, na mwaka 1988 mamlaka za Uingereza zikawashauri madaktari wasizitoe kwa zaidi ya wiki mbili hadi nne.

Zikafuata dawa nyingine, kama vile zopikloni na zolpidemu, zilizosemwa kuwa nyepesi zaidi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dozi ya kuanzia ya zolpidemu ya kawaida kwa wanawake ipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huiondoa polepole na walikuwa wakiamka na kuendesha magari dawa ikiwa bado imo. Mwaka 2019 ikaagiza onyo kali zaidi, baada ya watu kutembea na hata kuendesha magari wakiwa usingizini.

3. Zinavyofanya kazi

Ubongo una kemikali yake ya asili iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kama ya breki: huzuia mishipa ya fahamu isipelekane habari kwa kasi iliyopita kiasi. Babituriti, benzodiazepini, zolpidemu na pia pombe, kila moja kwa namna yake, huongeza nguvu ya breki hiyo.

Ubongo haukai tu. Ukiona breki inakanyagwa kila usiku, nao huongeza mwendo ili kurudisha mizani. Hapo ndipo kidonge kimoja huanza kuonekana dhaifu. Na siku dawa inapokatwa ghafla, breki huachiwa ilhali mwendo bado ni mkubwa. Ndiyo sababu ya mitetemo, jasho, wahaka, kukosa usingizi kabisa, na kwa wengine degedege, ambayo yaweza kuua. Dalili hizo si udhaifu wa tabia wala kukosa imani. Ni mwili unaotafuta mizani yake.

4. Matumizi halali

Isidhaniwe kwamba dawa hizi ni maovu matupu. Diazepamu na fenobabitali zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Diazepamu husimamisha degedege, hulegeza misuli ya mgonjwa wa pepopunda, na humvusha salama mlevi anayeachishwa pombe hospitalini. Fenobabitali inaendelea kuwatibu wagonjwa wa kifafa. Kwa mtu aliyepatwa na mshtuko mkubwa, siku chache za usingizi wa dawa zaweza kumpa nguvu ya kuendelea.

Angalizo: Ikiwa unatumia mojawapo ya dawa hizi kwa ajili ya kifafa, usiiache kwa sababu ya somo hili. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa degedege. Zungumza kwanza na daktari wako.

5. Hatari zinazojirudia

*Mazoea.* Wahenga walisema mazoea yana taabu. Utegemezi unaweza kuanza baada ya wiki chache tu za kumeza kila siku, hata kwa dozi sahihi.

*Michanganyiko.* Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya dawa ya usingizi na pombe, au na dawa za jamii ya afyuni kama mofini, kodeini na tramadoli. Kila moja hupunguza pumzi kwa sehemu yake, na zinapokutana zaweza kuisimamisha. Dawa fulani za kikohozi zina kodeini, kwa hiyo mweleze mfamasia kila unachotumia.

*Mabaki ya asubuhi.* Diazepamu huchukua kati ya saa 20 na 50 ili nusu yake iondoke mwilini, na mabaki yake mengine yenye nguvu hukaa muda mrefu zaidi. Aliyemeza jana usiku anaweza kuwa bado yumo katika athari zake leo mchana. Dereva wa basi, mwendesha bodaboda, mfanyakazi wa mashine na mama abebaye mtoto mgongoni hapana budi walifikirie jambo hili.

*Kusahau na kuanguka.* Dawa hizi huweza kufuta kumbukumbu ya yaliyotokea baada ya kumezwa. Kwa wazee, huongeza hatari ya kuanguka usiku na kuvunjika nyonga, na huweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili.

*Uhalifu.* Wahalifu hutia dawa za aina hii katika vinywaji ili kuwaibia au kuwadhulumu watu. Mijini Kenya ulaghai huo umepewa jina la mtaani "mchele". Usiache kinywaji chako bila mtu wa kukiangalia, na mtu anayelewa ghafla kuliko alichokunywa apelekwe hospitalini, asiachwe "alale kidogo".

6. Watoto, wajawazito na wagonjwa wa pumzi

Zipo dawa za mafua na mzio zenye kuleta usingizi kama athari ya pembeni, mathalani klofeniramini, inayojulikana sana kwa jina la Piriton, na promethazini. Baadhi ya wazazi na walezi huwapa watoto dawa hizi ili walale na kazi za nyumbani ziendelee. Tendo hilo halina tofauti na lile la chupa ya mwaka 1849. Promethazini haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa sababu inaweza kuzuia pumzi. Mtoto asiyelala ana sababu: njaa, homa, maumivu ya sikio, tumbo, joto au hofu. Itafute sababu hiyo.

Mjamzito na mama anyonyeshaye wasimeze dawa yoyote ya usingizi bila ya kuruhusiwa na daktari anayejua hali yao. Mwenye ugonjwa wa mapafu, na yule anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika usingizini, wamweleze daktari kabla ya kuandikiwa dawa hizi.

7. Kabla ya kununua

Dawa za usingizi hununuliwa kwa cheti cha daktari, katika famasi iliyosajiliwa. Usikubali vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, visivyo na jina, wala vya mchuuzi wa sokoni au kituo cha mabasi. Soma jina halisi la dawa, nguvu yake kwa miligramu, na tarehe ya kwisha muda. Majina ya kibiashara ni mengi na mtu anaweza kumeza dawa moja mara mbili kwa majina mawili. Lipi jina halisi? Ni lile la dawa yenyewe, kama Diazepam, ambalo huandikwa karibu na jina la biashara.

Mtumiaji ana haki ya kujibiwa maswali haya, na mtoa huduma ana wajibu wa kuyajibu bila ya kukasirika:

1. Dawa hii inatibu nini kwangu, na je, chanzo cha kukosa kwangu usingizi kimetafutwa?
2. Nitaitumia kwa siku ngapi, na nitaiachaje?
3. Haipatani na dawa gani, na vinywaji gani?
4. Kesho asubuhi naweza kuendesha chombo au mashine?
5. Nikipata dhara, nimwarifu nani?

Dhara lolote uripoti katika kituo cha afya au kwa mamlaka ya dawa: Tanzania Bara ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Vidonge vilivyobaki usimgawie jirani. Vifungie mbali na watoto, au virudishe kwenye famasi.

8. Njia nyingine za kupata usingizi

Kukosa usingizi mara nyingi ni dalili, si ugonjwa. Chaweza kuwa maumivu, pumu, sonona, madeni au huzuni. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani wa Marekani kilipendekeza kwamba matibabu ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo la muda mrefu yasiwe kidonge, bali mafunzo ya kubadili fikra na mienendo inayohusu usingizi. Mengi ya mafunzo hayo yanawezekana nyumbani:

- Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikesha.
- Nenda kitandani unaposikia usingizi, si kwa kufuata saa.
- Ukikaa macho kwa takriban dakika 20, ondoka kitandani, ufanye jambo la utulivu kwenye mwanga hafifu, kisha urudi.
- Acha kahawa, chai ya rangi na soda zenye kafeini tangu alasiri. Mirungi na sigara pia hufukuza usingizi.
- Pombe huharakisha usingizi wa mwanzo, kisha huuvunja usiku wa manane. Si dawa.
- Simu na kazi visiingie kitandani.

Njia hizi hazitoi matokeo usiku wa kwanza. Huchukua wiki kadhaa. Lakini faida yake haiishi pale pakiti inapokwisha.

9. Ukiwa umekwisha kuzizoea

Turudi kwa yule mama wa mwanzo. Afanyeje? Jambo la kwanza, asivitupe vidonge chooni leo kwa hasira. Jambo la pili, asione haya. Arudi kwa daktari na kusema kweli: anameza vingapi, tangu lini, na huvipata wapi. Daktari atampangia ratiba ya kupunguza dozi kidogo kidogo, kwa wiki au miezi, ili ubongo upate muda wa kurudisha mwendo wake wa asili. Baadhi ya usiku zitakuwa ngumu. Jamaa zake wajue kwamba anapitia tiba, wasimwite mlevi. Na kwa kuwa kilichomnyima usingizi tangu mwanzo ni huzuni, anahitaji mtu wa kuongea naye kuhusu marehemu, awe mshauri nasaha, kiongozi wa dini au shoga yake wa siku zote. Kazi hiyo kidonge hakikuwahi kuifanya. Kiliiahirisha tu.

Mtu aliyemeza dawa ya usingizi na haamshiki, anapumua polepole au midomo yake imebadilika rangi, mlaze ubavu na umkimbize hospitalini pamoja na pakiti ya dawa. Usimpe kahawa wala maziwa, na usimwache peke yake.

Muhtasari

Bromaidi, klorali, babituriti, thalidomaidi na benzodiazepini zote zilipokewa kama jibu la mwisho la tatizo la usingizi. Kila moja ilifanya kazi usiku wa kwanza, na kila moja ilikuwa na gharama iliyochelewa kuonekana. Zile zilizobaki hadi leo ni zana nzuri mikononi mwa mwenye kujua kikomo chake. Kwa hiyo, ndugu mtumiaji, ukipewa dawa ya usingizi usiridhike na kuuliza kama ina nguvu. Uliza mpaka lini.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya nusu kaputi, dawa ya kutuliza maumivu na dawa ya usingizi.
2. Kwa nini uzoefu wa kutumia babituriti haukumlinda mtumiaji dhidi ya kifo?
3. Thalidomaidi ilitangazwa kuwa salama. Ni swali gani ambalo halikuulizwa?
4. Jirani yako anakunywa bia mbili kisha anameza kidonge cha usingizi "ili vishikane". Utamwambia nini?
5. Tazama dawa zilizomo nyumbani mwako. Ipo yoyote inayoleta usingizi? Je, unajua iliandikwa kwa ajili ya nani, na kwa siku ngapi?